Katiba na Kivuli cha Baraza

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimenunua Katiba! Ya Jamhuri ya Muungano, kwa Kiswahili, jalada limepinda kidogo. Sababu ni Bi Tahiya, jirani yangu wa chini, mjane wa Jambiani. Kalima mwani miaka ishirini, kajifunza kusoma ukubwani, sasa anauza visheti kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Mkunazini. Tena amekaa pale penye kivuli, chini ya roshani! Mimi, fundi saa, nimewekwa juani, jasho linadondokea kwenye mashine za watu. Kila siku anasoma Katiba kwa sauti, miwani imefungwa uzi, na wapita njia wanasimama kumsikiliza. Wanamwita mwanasheria. Mwanasheria! Nitampita kabla ya Ijumaa, kamati ya wapangaji inapokutana, na kivuli nitakichukua kwa sheria.

Jumanne, 3 Septemba

Nimesoma hadi ibara ya ishirini na nne. Ndefu nimeziruka. Bi Tahiya yuko ya kumi na tatu, siku ya nne sasa! Nilimuuliza kama imemshinda. Akasema haijamshinda, ila ina vijumba vingi ndani na hajaingia vyote.

Masikini.

Jumatano, 4 Septemba

Baada ya sala ya alfajiri nilihamishia meza yangu kivulini. Bi Tahiya alipotoka na beseni lake la visheti nikamsomea ibara ya kumi na saba: raia ana haki ya kwenda kokote na kuishi popote. Nilitegemea ugomvi. Nilikuwa nimeuandalia majibu matatu. Yeye akanipongeza! Akasema nimefika mbali, Mungu anizidishie, akenda kukaa juani akajifunika kanga kichwani. Visheti vyake vikayeyuka sukari. Nilitengeneza saa mbili tu. Mkono ulikuwa mzito, sijui kwa nini. Labda baridi ya kivuli.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimepanda juu kwa Mzee Khatib, mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Shikamoo tatu na halua ya kibati. Nimemuomba kesho kamati inipe kivuli moja kwa moja, na Bi Tahiya asisumbuliwe kuitwa, mtu mzima yule, apumzike. Akakubali huku anatafuna. Nani alisema mimi si mwanasiasa?

Ijumaa, 6 Septemba

Baada ya alasiri tulikusanyika uani, wapangaji kumi na mmoja. Mzee Khatib ndiyo kwanza anafungua mdomo kunipa kivuli changu, Bi Tahiya huyo anaingia! Salhiya wa ghorofani alitusikia jana, akamwambia. Akasalimia, akafungua kitabu, akasema haki ya mtu isiamuliwe mpaka mwenyewe asikilizwe kwa ukamilifu, ibara ya kumi na tatu, ibara ndogo ya sita. Mzee Khatib akasema hapa si mahakamani. Bi Tahiya akaweka kidole kwenye mstari: mahakama, au chombo kinginecho. Akauliza kama kamati si chombo.

Mzee Khatib akainama kuusoma mstari. Siku zote zile hazikwenda bure!

Akaeleza kuwa visheti ndivyo vinavyomlisha yeye na mama yake, na juani haviuziki. Watu wakanigeukia. Nikasimama kujibu, wakanizomea nikae. Hapo, wallahi, akainua mkono yeye mwenyewe.

"Muacheni Bwana Ubwa aseme. Ibara iliyonipa mie nafasi ya kusikilizwa haikuandikwa jina langu."

Wakanyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nafasi ni nafasi. Nikasoma ya kumi na saba. Nikasoma ya ishirini na nne, haki ya kumiliki mali, ingawa baraza si yangu. Nilipoona wanasikiliza nikanogewa, nikaruka hadi ya thelathini, sijawahi kuiona, nikaisoma kwa sauti ya khutba: haki za mtu mmoja zisitumiwe kuingilia wala kukatiza haki za wengine…

Nikasita. Nimekwishajihukumu.

Wakanipigia makofi, wengine wanafuta machozi ya kicheko. Mzee Khatib akasema mlalamikaji kajiamulia mwenyewe, kivuli kibaki kwa Bi Tahiya. Bi Tahiya tu hakucheka. Akasema yeye asubuhi yuko jikoni anakaanga hadi saa nne, basi mpaka saa hiyo kivuli kiwe changu. Hakuna aliyemlazimisha. Mwanamke huyu! Ningekuwa mimi nimeshinda, nisingempa hata dakika. Nimemstahi mpaka kifua kimeniuma.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekaa kivulini tangu saa moja, kisha nikahama kwa adabu. Bi Tahiya kaanza ibara ya kumi na nne. Nimemsikiliza yote. Anasoma neno kama anavyoonja shira, halimpiti mpaka alijue. Ndiyo siri yake, nimeiona kwa macho yangu: anakwenda polepole.

Kwa hiyo nimenunua Katiba ya Zanzibar. Hiyo hajaigusa. Nimeanza ukurasa wa mwisho nnakuja mbele, ili akiifungua tu, mimi nshamaliza.