Meno Kumi na Manne

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Migori.

Injini imefika! Imetoka kwenye lori lililopinduka upande wa Rongo, lakini yenyewe nzima kabisa. Miezi mitatu lori langu limekaa uani kwa fundi Mokua, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Leo kuku wamehamishwa.

Shida ndogo. Injini imekuja bila flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma yake na kubeba klachi. Flaiwili yangu ya zamani ina matundu sita. Injini mpya inataka bolti nane. Mokua ni Mkisii mwenye subira ya kuudhi. Akanieleza kama anayefundisha katekisimu: flaiwili ikubaliane na injini, klachi ikubaliane na flaiwili, na yale meno ya katikati ya pleti ya klachi yaingie sawasawa kwenye shafti ya giaboksi. Kimoja kikikataa, lori linarudi kuwa banda la kuku. Niende Homa Bay kwa Bathsheba, mama anayeuza vipuri vya magari makuukuu, na nibebe pleti ya zamani mkononi iwe sampo.

Nimeitikia sawa. Jinsi pleti ile ilivyojaa grisi, siibebi ng'o.

Edith, binamu yangu anayenunua omena, wale dagaa wa ziwani, huko Mbita, kaleta habari. Levis mwenye pikapu ametuma mshenga kwa kina Dorine. Dorine amesema atajibu Jumapili tarehe 18. Kisha akamwuliza Edith habari zangu, mara mbili. Edith ananishauri niende kesho. Niende na nini? Mwezi wa tano niliapa mbele ya wanawake wote wa ufuoni kwamba nikirudi Mbita, nitarudi nimeshika usukani wangu.

Dorine alikuwa akikaa pale mbele ndani ya lori, kando yangu, mizigo yake ya omena nyuma, akinimenyea chungwa. Ganda moja refu, halikatiki. Nimemkosa kiasi kwamba hata harufu ya omena inanitoa machozi.

Alhamisi, 8 Agosti.

Mbinu! Nimeilaza pleti ya zamani juu ya kalenda ya parokia, ukurasa wa Agosti, nikaizungushia kalamu. Meno ya katikati nikayachora kwa macho. Nikavaa shati jeupe na viatu vya kahawia alivyonichagulia Dorine, nikaenda Homa Bay msafi kama karani.

Bathsheba akauliza sampo iko wapi. Nikakunjua kalenda. Akaiangalia, akaigeuza, akasoma sikukuu za watakatifu.

“Omera, ndugu yangu, gari haivai picha,” akasema. “Hii meno ni ngapi?”

Nikasema kumi. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Flaiwili ya matundu nane alikuwa nayo, na kifuniko cha klachi kinacholingana nayo. Akanipa na pleti ya meno kumi. Nikitoka, gari la Mbita lilikuwa likiita abiria. Nafasi moja tu imebaki. Nililitazama mpaka likaondoka, kisha nikatazama vumbi lake. Kiapo ni kiapo.

Ijumaa, 9 Agosti.

Shafti ina meno kumi na manne. Mokua ameyahesabu kwa ukucha, taratibu, ili niteseke. Nimependekeza tupige nyundo. Akaenda kunywa chai.

Jumatano, 14 Agosti.

Nimeshindwa. Nimebeba ile pleti ya zamani hadi Homa Bay, nimeifunga kwa gazeti, shati limeharibika. Bathsheba alipoiona tu akaenda moja kwa moja kwenye rundo, akatoa ndugu yake. Ukubwa sawa, meno kumi na manne. Dakika tano!

Nikiwa nashukuru, nani anaingia langoni? Dorine. Beseni kichwani, leso ya manjano. Na mimi sina lori, nina grisi mpaka kwenye kope. Sikufikiri. Nilijitupa nyuma ya kabini kuukuu iliyopandishwa juu ya mapipa, nikabana pumzi.

Nilimsikia akiuliza kama kuna mwanamume mrefu aliyepita hapo na kalenda; Edith hajui kuficha neno. Bathsheba, Mungu ambariki, akajibu kwamba watu wanapita wengi. Hakuondoka upesi. Alikuwa hatua sita kutoka kwangu na sikumwita. Alipoondoka nikatoka. Juu ya pipa kulikuwa na chungwa lililomenywa, na ganda lake moja refu kando.

Nimelila nikiwa nimesimama. Siku nne zimebaki.

Ijumaa, 16 Agosti.

Flaiwili imekaa, bolti zote nane! Bado klachi tu, na kuunganisha giaboksi. Jua likagusa paa na Mokua akaweka spana chini. Yeye ni Msabato. Nikamsihi, nikamwambia ni maisha yangu yote haya. Akasema Jumapili alfajiri atamaliza, na saa tatu nitakuwa barabarani.

“Lakini wewe usiguse,” akaongeza.

Jumamosi, 17 Agosti.

Mimi ni Mkatoliki. Jumamosi ni siku ya kazi. Nimegusa.

Nimefunga klachi yote mwenyewe, na giaboksi, nikisaidiwa na Monari wa kuchomelea vyuma. Kazi safi. Kesho nitaondoka kabla Mokua hajaamka.

Jumapili, 18 Agosti.

Nimewasha. Nimekanyaga klachi, nikaingiza gia. Gia imepiga kelele ya nguruwe na lori limeruka mbele, likaangusha ua wa Mokua. Naye akatoka ndani, akauliza swali moja tu: upande gani wa pleti niliuelekeza kwenye flaiwili. Nikasema ule uliokuwa msafi.

“Bwana Nicanor, pleti iko na uso na mgongo.”

Tumefungua vyote. Tumegeuza. Tumemaliza saa kumi na mbili jioni, na taa haziwaki, kwa sababu kuku walidonoa nyaya. Nimekaa kwenye usukani nikitazama kiti cha kando. Saa hizi ameshajibu.

Jumatatu, 19 Agosti.

Nimefika Mbita! Nimepiga honi tangu kilimani. Klachi laini kama siagi. Dorine alikuwa akianika omena. Alikuja, akaweka kiganja juu ya boneti.

Akasema aliningoja jana mpaka jua likazama. Ndipo akamkubali Levis.

Nikaanza kueleza habari za meno. Akanikatiza, bila ukali.

“Jumatano niliona viatu vyako chini ya ile kabini. Nilimenya hiyo chungwa polepole, nikingoja utoke. Ungetoka tu, Nicanor. Hata kwa miguu ningekupokea.”

Nikauliza kama ana mzigo. Mzigo ulishaenda na pikapu. Nimerudi na lori tupu, na sijawahi kuendesha kitu kizito hivyo.

Jumanne, 20 Agosti.

Sikulala. Nimepima mambo yote kwa makini na kosa langu nimelijua. Mapipa yale yalikuwa marefu mno. Ningejificha nyuma ya tangi la maji, viatu visingeonekana.

Si neno. Arusi ni Desemba, na pikapu haitoshi wageni. Nitajitolea lori. Bibi arusi lazima akae mbele, na mbele ni karibu yangu, na safari ni ndefu, na machungwa nitanunua mwenyewe.

Kuna beringi moja ya gurudumu inalia kidogo. Mokua anasema niibebe niende nayo kwa Bathsheba. Nimeshaichora kwenye ukurasa wa Septemba.