Nimemshusha Bei Mtamba wa Kabula

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya uwanja mzima, tena kwa kipaza sauti. Nawaandikia wote tuliosoma pamoja hapa Bariadi, mlioko Mwanza, mlioko Dar, na yule mmoja wa Geita ambaye hajibu kamwe, ili msikie kwangu kabla hamjasikia kwa mwingine. Mwingine atawasimulia vibaya. (Hata nikisimulia mimi ni vibaya.)

Nipo kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi. Nje nimefunga mtamba kwenye nguzo ya bango. Mwenye kibanda ameshatoka mara mbili kumwangalia, na mara zote mbili amerudi anatikisa kichwa. Habari za mtamba zinakuja.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni dalali wa mnada wa ng'ombe. Si wale wanaopandisha bei, wale ni wa wauzaji. Mimi ni wa wanunuzi. Mnunuzi anakuja, anasimama begani kwangu, ananikabidhi fimbo yake ya kuswagia. Nikishaipokea, mimi ni mtu wake. Kazi yangu ni kumtafutia ng'ombe ubaya mpaka mwenye ng'ombe aone haya kummiliki. Bei ikishuka tunapigana mikono, narudisha fimbo, napewa changu. Na fimbo yako ikiwa kwa dalali mmoja, hakuna dalali mwingine atakayekusogelea mpaka uichukue, na bila dalali huuziwi. Ndiyo desturi ya mnada wetu, na haijavunjwa hata na walevi. Mke wangu, Mama Kulwa, anasema siku ya kiama nitamwambia malaika kwamba baragumu lake lina ufa.

Basi juzi akanifuata Mwalimu Sayi. Huyu mama ana klabu ya baiskeli. Anaokota vijana wanaolala juu ya magunia nje ya kinu cha pamba, yatima, walioacha shule, waliochokwa na ndugu, anawapandisha baiskeli. Wanaendesha mpaka Lamadi kuliona ziwa. Wanapanda yale mawe makubwa kwa kamba. Wanalala nje, wanarudi wamekonda na wana adabu. Anayevumilia, klabu inamtafutia nafasi ya kusomea ufundi. Fedha zinachangwa mara moja kwa mwaka: asubuhi mbio za hisani, mchana mnada wa hisani.

“Baba Kulwa,” akaniambia, “wewe ndiye unayeujua mnada. Utatushikia kipaza sauti.”

“Chakula kipo?”

“Kipo.”

“Wali au ugali?”

“Baba Kulwa!”

Nikakubali kwa wali. (Hakuniuliza huwa nasimama upande gani wa mnada. Nami sikujisumbua kumwambia.)

Halafu akashusha sauti. “Mwaka huu tunachangisha kwa ajili ya Kabula.”

Kabula ni binti wa Migato, ana miaka kumi na tisa. Baba na mama walifariki wakifuatana. Analelewa na baba yake mdogo, Mzee Ngusa. Baiskeli aliyojifunzia ni ile nzito ya kubebea madumu ya maji, kwa hiyo siku alipopewa nyepesi, wenzake waliishia kuona vumbi. Amepata nafasi ya chuo cha ufundi Mwanza, na timu ya huko inamtaka. Kilichobaki ni ada.

Kuna na kingine kilichobaki. Mzee mmoja wa Bukundi, Jilala, mwenye wake wawili, amemposa. Kabula alikataa, lakini kukataa kwake hakukuhesabiwa. Ng'ombe wa mahari wameshafika kwa Mzee Ngusa, wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja amechelewa kwa sababu ukame ulilipukutisha boma la Jilala, na sasa anahemea ng'ombe mnadani. Mzee Ngusa akamwambia Mwalimu: ada ikipatikana kabla mahari haijatimia, atarudisha ng'ombe za watu na binti aende shule. Mahari ikitimia kwanza, basi tena. “Mimi ni mtu wa neno moja,” alisema. (Neno moja, milango miwili.)

Jilala mwenyewe nilikuwa simjui kwa sura. Lishikeni hilo, ndilo utetezi wangu wote.

Asubuhi mbio zikaenda vizuri. Migato na kurudi. Kabula alipokelewa na wanaume wawili tu waliomtangulia. Nilihesabu mara mbili, maana wa pili alikuwa amejishikiza nyuma ya trekta. Akapewa kofia. Mnajua hizi kampuni za kununua pamba, tangu biashara iwe huria zinashindana kutupenda. Moja ilileta kofia. Nyingine ikasikia, ikaleta fulana. Ya tatu ikaleta kofia na fulana. Bei ya pamba hakuna aliyeigusa.

Mchana nikashika kipaza sauti. Nilianza kwa heshima kabisa! Jogoo nilimsifu mpaka akawika mwenyewe. Mchele nikauuza, mkeka nikauuza. Mwalimu Sayi akanitazama kwa macho ya mtu aliyechagua vizuri. Wali ulikuwa unanukia.

Ndipo akaletwa mtamba.

Alitolewa na Mama Milembe, mjane wa Mkula. Mwanawe alikuwa kijana wa kwanza wa klabu ile, alifariki mwaka jana. Mama amemleta mtamba juu ya lori la pamba, amekaa naye nyuma njia nzima. Akapewa kipaza sauti, akasema maneno machache tu: “Mwanangu alikuwa ananiambia, mama, yule Kabula atafika mbali. Haya. Huyu amsogeze.”

Nilimkagua yule mtamba. Meno, kwato, kiwele. Nikamkagua tena. Jamani, hana kasoro. Katika maisha yangu sijawahi kuona ng'ombe aliyeninyima la kusema.

Bei ikaanza kupanda. Karani wa kampuni ya kofia akataja yake. Mwenye bucha akampita. Karani akarudi. Mwalimu Sayi akaniegemea sikioni: “Hapo hapo, Baba Kulwa. Ikipanda kidogo tu ada imetimia.”

Wakati huo huo mtu akasimama begani kwangu. Mzee mmoja amejifunga lubega, katambuga miguuni, anatoa harufu ya zizi.

“Mwadila, bhabha,” akanisalimu taratibu.

“Mwadila. Mhola?”

“Mhola.”

Akaninyooshea fimbo.

Nikaipokea.

Mkono ndio ulipokea, mimi sikuwepo! Lakini fimbo ilipogusa kiganja, kichwa kikafunga mlango wa hisani kikafungua mlango wa mnada. Na kipaza sauti kilikuwa kwenye mkono wa pili.

“Wazee,” nikasikia nasema, “tusidanganyane. Huyu mtamba kwato za nyuma zimelalia ndani.”

Mwalimu Sayi akadhani ni utani. Akacheka kidogo.

“Tazameni mkia. Ukoo wa mkia huu huzaa madume matupu. Mtakunywa maziwa ya madume?”

Watu wakacheka. (Kosa lao. Mimi nikichekewa naongeza.)

“Na hayo macho! Macho yanatoa maji. Tezi ya shingo imevimba. Huyu ana ndigana, homa ya kupe. Namwonea huruma atakayemfikisha kwake, maana atalala na wengine zizini.”

Mwenye bucha akashusha mkono. “Ndigana?” akauliza, kisha akarudi kivulini. Karani wa kofia akakumbuka kwamba lazima aombe ruhusa Mwanza. Mama Milembe akasimama pale alipokaa.

“Mtamba wangu hajawahi kuumwa,” akasema.

“Mama,” nikamjibu, kwa ile sauti ninayowatolea wauzaji, “ng'ombe hasemi anapoumwa.”

Naandika sentensi hii na masikio yananiwaka.

Mwalimu Sayi akanivuta shati. “Unafanya nini wewe?”

“Subiri. Nambana.”

“Unambana nani? Muuzaji ni sisi!”

Sikusikia. Fimbo nilikuwa nimeibana kwapani, na mwenyewe alikuwa ameushika mkono wangu chini ya lubega, ananiminya vidole kunionyesha bei yake. Nusu ya ile ya bucha. Nikaitangaza. Nikasubiri. Hakuna aliyepandisha. Nani angepandisha? Nikaupiga mkono wa mzee kwa kiganja changu, paa! Mnada wetu ukishapiga mkono, umefunga. Nikageuka kupigiwa makofi.

Pembeni ya uwanja Kabula alikuwa anajaza upepo gurudumu la mwenzake. Niliisikia pampu. Kisha sikuisikia.

Yule mzee alikuwa ameshaweka fedha kwenye meza ya klabu, anatembea kuelekea kwenye turubai la wageni, huku anamvuta mtamba, anamwita Mzee Ngusa aliyekaa kiti cha mbele.

“Mkwe! Wa mwisho huyu hapa. Wametimia.”

Hapo ndipo nilipomjua Jilala kwa sura.

“Mungu wangu,” nikasema. Nacho kipaza sauti kikalipeleka hilo “Mungu wangu” mpaka sokoni.

Uwanja mzima ukanitazama mimi. Si Jilala, mimi. Nimewahi kutazamwa na wauzaji wengi wenye hasira, lakini wale walikuwa mmoja mmoja.

Mzee Ngusa akainuka. Akamzunguka mtamba, akainama akaangalia kwato za nyuma. Akaangalia mkia. Akarudi kukaa.

“Yaya,” akakataa. “Sipokei.”

“Hupokei kwa nini?” Jilala akashangaa.

“Nina masikio. Dalali ametangaza hapa, watu wote wamesikia. Ndigana. Unataka aniulie na wale wengine? Lete mzima.”

Jilala akarudi kwangu akipepesuka kwa hasira. “Dalali! Waambie ukweli. Ulikuwa unashusha bei tu. Si ndivyo?”

Naomba mnielewe nilivyobanwa. Nikisema ni mzima, mahari imetimia, na Kabula anaondoka na mtu yule. Nikisema ni mgonjwa, basi nimemnunulia mtu ng'ombe mgonjwa huku najua, na desturi yetu inasema dalali wa namna hiyo anamchukua ng'ombe yeye, anarudisha fedha ya mwenyewe palepale. Nami fedha niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya mbegu.

Nilimtazama Kabula. Alikuwa bado ameishika pampu. Hakulia wala hakuniomba. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

“Ana ndigana,” nikasema kwenye kipaza sauti. “Naapa.”

Mama Milembe akajifunika uso kwa khanga. Kwa mara ya pili leo nilimtukana marehemu wake, na safari hii kwa makusudi.

Nikamrudishia Jilala fedha zake kutoka zile za mbegu. Akazihesabu, akanitemea mate karibu na kiatu, akaondoka anasema Jumatano mnadani atapata mwingine, na mimi nisimsogelee.

Mwalimu Sayi akaja. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniumiza.

“Klabu imepata nusu ya bei. Ada haijatimia. Nusu nyingine iko wapi, Baba Kulwa?”

“Nitamuuza huyu mtamba kwa bei yake halali, nikuletee.”

“Utamuuzia nani Bariadi?”

Nimewatangazia wote. Kila mnunuzi ninayemjua kati ya hapa na Itilima amesikia kwa masikio yake, kutoka kwa mtaalamu, kwamba mnyama huyu ni maiti inayotembea.

Nikamfuata Mama Milembe nikamwambia mtamba wake ni mzima, mzima kabisa, na kwa nini niliapa. “Hilo la pili nimekuelewa,” akasema. “La kwanza, nenda ukaulizane na Mungu wako.”

Na Kabula akanikuta namfungua mtamba.

“Mzee, umeniharibia au umeniokoa?”

“Sijui, mwanangu. Bado nahesabu.”

“Basi hesabu upesi,” akasema. “Jumatano si mbali.” Akapanda baiskeli akaenda zake, kofia ya kampuni ameitupa pale pale.

Wali sikuula. Hakuna aliyenizuia, ila kila aliyeshika upawa aligeukia upande mwingine.

Nikafika nyumbani. Mama Kulwa alikuwa ameshasikia (yule mwenye bucha ana miguu). Akasimama mlangoni na ungo mkononi.

“Huyo ndiye mwenye ndigana?”

“Hana ndigana.”

“Umeapa anayo.”

“Niliapa uongo.”

“Basi mnalala wote nje. Mgonjwa na mwongo.”

Ndipo akaniuliza kitu kilichonileta hapa kwenye kompyuta: “Na hiyo fimbo ni ya nani?”

Nikaangalia mkono wangu. Fimbo ya Jilala! Kwa hasira zake aliondoka bila kuichukua, nami kwa aibu zangu nilitembea nayo mji mzima. Maana yake nini? Maana yake mpaka aipate, hakuna dalali hapa wilayani atakayesimama upande wake. Wenzangu nimeshawapitishia habari: fimbo ya mtu wa Bukundi ninayo mimi. Wamenicheka mpaka wakakaa chini, lakini wamekubali, desturi ni desturi.

Kwa hiyo Jumatano siendi mnadani. Wala Jumatano itakayofuata. Nitakaa bila kazi, nimejificha na kipande cha mti, mpaka ada itimie. Na ada haiwezi kutimia mpaka mtamba auzwe, na hapa hauziki, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jilala akifika kuwauliza habari zangu, hamjaniona.

Sasa nyinyi wa Mwanza, ambao hamkuwepo uwanjani. Nani anataka mtamba? Mzima, meno yote, kwato zimesimama, macho makavu, nimemkagua mara mbili. Msicheke. Na asije mtu kuniomba punguzo: huyu bei yake haishuki.