Malalamiko Dhidi ya Trela Lisilo na Adabu

Kwa mkwe wangu, fundi wa malori,

Sisi hatujambo, isipokuwa trela lako.

Ulinikabidhi trela hilo mbele ya mashahidi, ukaapa kwamba ni zima. Mama mkwe wako anafungua chumba chake cha ushonaji Jumamosi, na cherehani zake zimejaa sebuleni zikisubiri usafiri. Tunakula tumesimama. Kwa hiyo zingatia yafuatayo:

1. Trela linapiga kelele. Nikiendesha, unasikika nyuma mlio mwembamba kama wa sufuria inayokwanguliwa kwa kijiko. Nikisimama, linanyamaza na kujifanya halijui lolote. Gari langu silitaji hapa, kwa kuwa mwenendo wake mwema unajulikana mtaa mzima.

2. Ulinielekeza kwa simu nilipandishe kwa jeki, nizungushe kila gurudumu kwa mkono na kusikiliza beringi. Nilitii. Magurudumu yalizunguka kimya, laini kabisa. Hapo nikatambua unafiki wake: mbele ya mkaguzi linajikaza, barabarani linaropoka.

3. Nilizifungua beringi. Gololi zote zilikuwa ziking'aa ndani ya grisi safi. Asiye na hatia hajipambi kiasi hicho. Nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikazipaka grisi upya, nikafunga. Kelele ikaendelea.

4. Grisi iliyobaki niliona vibaya kuitupa, nikaipaka kwenye breki, upande ule hasa unaosugua, ili usugue kwa upole. Tangu hapo trela halisimami. Jana nilikanyaga breki kwenye kona ya kinyozi. Gari langu lilitii. Trela likaendelea na safari yake, likatusukuma hadi kizingitini pa kinyozi, na mteja akatoka mbio na nusu ya ndevu. Kelele bado ipo.

5. Mama mkwe wako ametangaza mbele ya jirani kwamba cherehani atazibeba kichwani moja moja, na kwamba nikitaka kumsaidia, nikae ndani. Jirani alicheka kupita kiasi kinachohitajika.

Kwa sababu hizo, nadai uje uliondoe trela lako, uliombe radhi gari langu, na ujiandae kwa kikao cha wazee. Ajenda ni moja tu: je, mtu aliyeshindwa kulilea trela alistahili kupewa binti yangu? Wajukuu watakaa kwetu wakati wa mjadala.

Msalimie mke wako, mama yako, mapacha, na yule mpangaji wenu anayepiga chafya kwa sauti.

Ni mimi, mwenye uchungu na subira,
Baba Mkwe wako

Tanbihi: Trela sasa lipo uani juu ya matofali, halina hata gurudumu moja. Mama mkwe wako amelichukua gari langu tupu, bila trela, kwenda kununua bahasha ya barua hii. Ameondoka na mlio uleule. Amerudi na mlio uleule. Ameniwekea bahasha mezani, na ufunguo wa gari juu yake, nami nimeelewa mlio ni wa nani. Tafadhali njoo Ijumaa na gari lako, breki mpya za trela na spana za kutosha magari mawili. Kikao kimeahirishwa, binti endelea naye. Ila pitia mlango wa uani, maana jirani hajamaliza kucheka.