Koki ya Kuonyesha

Kamande alipoona masufuria makubwa yakiteremshwa garini na kuingizwa nyumbani kwa Bi Zahra, pale Thornton Heath, kusini mwa London, alifurahi kama mtu aliyealikwa. Hakualikwa. Ila alijua kwamba masufuria yale ni harusi, harusi ni wageni, na nyumba yenye wageni ikikosa maji haina muda wa kubishana bei.

Basi akafanya kama ada yake. Alifunua kifuniko kidogo kilichoko kwenye njia ya miguu mbele ya lango, akaingiza ufunguo wake mrefu wa chuma, akaifunga koki ya nje inayopeleka maji ndani ya nyumba. Ufunguo akauficha nyuma ya pipa la taka. Akavaa kizibao cha njano, kwa kuwa London mwenye kizibao cha njano haulizwi kitu, kisha akabisha hodi.

"Mama, habari ya saa hizi? Me ni plumber. Nimeskia maji yenu imepotea."

Bi Zahra alikuwa anaosha mchele. Aliondoka Unguja miaka mingi nyuma, lakini hofu ya maji kukatika alikuja nayo. Jikoni kwake ndoo na madumu yalikuwa yamejaa pomoni, na tangu alfajiri alikuwa akichota humo. Bomba hakuligusa. Sasa akalifungua. Likakohoa, likanyamaza.

Ng'ambo ya barabara, jirani yake Chandrakant alikuwa akiosha gari kwa mpira, maji yakimiminika ovyo. Bi Zahra akamtazama jirani, akamtazama fundi. Huyu kajuaje kabla ya mwenye nyumba?

"Kweli, mwanangu, yamekatika," akasema kwa upole. "Na kesho namuoza binti yangu!"

"Usijali, mama. Shida ni hii koki ya ndani, hapa chini ya sinki. Ni ya kitambo, imekufa." Akatoa koki mpya ya shaba, nzito, yenye mkono mwekundu. "Hii unazungusha robo tu, imefunga."

Bi Zahra akaipima mkononi, akaisifu, akamrudishia, kisha akatoka nje. Kamande akajilaza chini ya sinki. Koki ya shaba ikarudi mfukoni kusubiri mteja mwingine, ikatoka nyepesi, ya bei ya kutupa. Tumtendee haki lakini: mikono ya ufundi alikuwa nayo. Aliing'oa koki kuukuu bila kukwaruza kitu, bomba likabaki wazi, limemwelekea usoni.

Ndipo sauti ya Bi Zahra ikaingia dirishani.

"Fundi! Nimeokota ufunguo huku nyuma ya pipa. Mbona unaingia sawasawa kwenye hiki kishimo? Niuzungushe?"

"Mama! Wacha! Please, usiguse hiyo!"

"Kwani si umeniambia iliyokufa ni ya ndani?"

Kamande akaliziba bomba kwa kiganja.

"Basi nisikilize, mwanangu. Nifungie ile nzito niliyoishika mimi. Ukinifungia nyengine, nazungusha."

Akaifunga ile nzito, akaikaza, jasho likimtoka. Bi Zahra akafungulia maji. Halikuvuja hata tone. Kisha akataka aelezwe namna ya kuitunza.

"Usiiache mwaka mzima bila kuigusa," Kamande akasema, na akashangaa kujisikia anasema kweli. "Mara moja moja ifunge, uifungue, ndio isikwame. Ikiwa ngumu, usiilazimishe."

"Kumbe kazi unaijua! Sasa utapeli wa nini?"

Aibu ilimshika, aibu ya kweli. "Nipe tu ufunguo wangu niende, mama."

"Utaupata harusi ikimalizika. Masufuria hayajioshi."

Kesho yake Kamande alikuwa uani, mikono imezama hadi viwiko ndani ya sufuria la biriani. Mgeni mmoja kutoka Stratford, Bwana Mahir, akatoka jikoni amejaa wivu.

"Fundi, nimeiona ile koki. Kwangu utakuja lini, na bei yako ngapi?"

Kamande akafuta mikono, akavaa tabasamu lake la kazi, akafungua mdomo.

"Atakuja Jumatatu," akasema Bi Zahra, akipita na sinia la wali. "Bei utazungumza na mimi."