Blenda ya Kumkwepa Ezira

Jumatatu, 9 Juni

Ezira amemaliza ndagala zote tena, vile visamaki vikavu. Majani alituachia wenyeji. Ndagala alizitafuta ndani ya sombe moja moja, kama mfugaji anayetafuta ndama waliopotea.

Ubaya ni kinu. Hapa kambini Nakivale mke wangu Adélaïde akianza kutwanga majani ya muhogo ya sombe, mtaa wote unasikia. Aliyesikia mchi anakuja kusalimia, na aliyekuja kusalimia haondoki na njaa. Ndiyo desturi. Ezira, jirani yetu Mkongomani, anasalimia sana. Kijiko anatembea nacho mfukoni.

Jioni simu. Binti yetu Jocelyne, mpishi wa mkahawa kule Biharwe karibu na Mbarara, anataka kutununulia chombo cha jikoni. Kimoja tu: blenda au sufuria ya presha. Mama ndiye achague.

Mama alichagua kabla simu haijapoa. Presha. Maharage yanakula kuni, kuni ziko mbali, na bega lake la kulia linamuuma. Nikasema bega linaumizwa na mchi, kwa hiyo dawa ni blenda. Akasema blenda inataka umeme, na umeme wetu ni wa taa moja na simu. Nikasema tutafikiri.

Nimekwisha kufikiri. Blenda. Sombe bila mchi, na Ezira bila habari.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia Jocelyne nikiwa nyuma ya choo. Nimemwambia mama anataka blenda. Akauliza kama nina hakika, maana mama anaimba presha tangu mwaka jana. Nikasema bega, mwanangu, bega. Sauti ilinikatika vizuri, karibu nilie mwenyewe.

Tena bega si uongo. Akilala analigeuzageuza, kama mtu anayetafuta fasi ya kutua mzigo. Blenda itamsaidia sana. Mimi nitafaidika pembeni tu.

Alhamisi, 12 Juni

Blenda imefika na taksi ya mchana. Jagi la kioo, vitufe vingi. Adélaïde alifungua boksi, akatafuta hata chini ya makaratasi, labda presha imejificha. Akaniuliza nilimwambia nini mtoto. Nikasema presha zimekwisha dukani. Akauliza, Mbarara nzima? Nikasema Mbarara nzima. Akachukua jembe akaenda shambani. Heri angenigombeza.

Nimeichomeka kwenye betri yetu ya sola. Blenda haikunguruma. Taa ilizimika, na simu nayo.

Ijumaa, 13 Juni

Patient, kinyozi, ana sola kubwa juu ya bati. Nimempelekea majani ndani ya koti langu la harusi. Akasema hapa tunanyoa vichwa, mzee. Nikamwahidi sahani.

Nilipobonyeza kitufe, mashine yake ya kunyolea ikafa. Kwenye kiti alikuwa amekaa mteja, kichwa nusu kimenyolewa, nusu msitu. Alipogeuka nikamtambua. Ezira.

Kurudi nyuma haikuwezekana. Majani yalijifunga kwenye visu, nikaongeza maji. Yakajifunga tena, nikaongeza tena. Kikatoka kitu kama dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ezira alitazama yote bila kucheka. Mwisho akaniuliza taratibu, Mzee Valentin, Mama Jocelyne anaumwa mingi? Nikasema ni bega tu, bega kidogo. Niliona ni jibu safi, halina hata uongo. Akatikisa kile kichwa chake cha pande mbili.

Adélaïde alichemsha ile supu mpaka makaa yakaisha. Akasema hii si ya kula, ni ya kunywa. Nimeinywa. Ndagala zote zangu, na mlangoni hakuna mtu. Ushindi.

Jumapili, 15 Juni

Natoka misa, nakuta ua umejaa. Ezira, mkewe Benitha, na kwaya nzima ya kanisa lao.

Kumbe Ezira ametangaza. Kinu cha Mzee Valentin kimenyamaza wiki nzima, na mzee mwenyewe anasaga majani kwa kinyozi. Kwa watu wa hapa nyumba hiyo ina mgonjwa wa kulala. Wakaimba. Wakaomba. Benitha alipasha siagi ya ng'ombe, akamsugua Adélaïde bega mpaka akafumba macho, akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu tuko vijana. Nilisimama na koti langu mkononi. Siagi tunayo hata sisi. Sikuwahi kufikiria kumsugua.

Halafu wageni lazima wale. Benitha akatoa kinu, wanawake wakapokezana mchi. Mchi ukasikika, basi hata wasio wa kwaya wakafika. Ezira akatoa kijiko.

Katikati ya chakula Adélaïde akapiga simu, sauti wazi ya watu wote kusikia. Akamuuliza Jocelyne kama ni kweli Mbarara nzima haina presha. Jocelyne akashangaa, akasema lakini Mama, Papa alisema wewe ndiye unataka blenda.

Vijiko vikasimama. Ezira akanitazama akasema, ah, Mzee, hata bega la mama umelisingizia? Nikainama kwenye sahani kutafuta ndagala. Hakuna.

Jumamosi, 21 Juni

Nimetumwa Biharwe mwenyewe, blenda kichwani. Jocelyne ameiweka mkahawani kwa kazi ya juisi, akanipa presha. Hakunigombeza sana. Alinipa na soda.

Maharage yameiva kabla sijamaliza kusimulia safari. Kuni zimebaki zimelala. Bega limepungua, kwa sababu kila jioni nalisugua mimi, siagi ya Benitha, na Adélaïde anasema mikono yangu inakwaruza lakini niendelee. Sina malalamiko.

Ninalo moja. Hakuna aliyeniambia presha inapiga filimbi. Ilipiga kama refa. Kabla haijanyamaza, Ezira alikuwa mlangoni anauliza kama tumeamka salama, na ni saa kumi za mchana.

Jumapili, 22 Juni

Nimekaa chini, nimefikiri kama mtu mzima. Adui si presha. Adui ni ile filimbi. Sauti inafunikwa na sauti kubwa zaidi, hilo hata mimi niliyeishia darasa la nne nalijua.

Na dawa iko hapa hapa nyumbani. Kesho maharage yakiwa motoni nitakaa nyuma ya nyumba na kinu kitupu, nitwange kwa nguvu zangu zote mpaka filimbi iishe. Ezira hatasikia kitu.

Adélaïde nimemweleza mpango. Ameongeza maharage mengi kwenye yale anayoloweka, na ameosha sahani zote.