Tufe la Kando ya Babu

Ijumaa, 7 Agosti

Tumefika hotelini salama. Mito mingi kuliko vichwa. Nimepangwa chumba kimoja na Bibi Manukato, mama wa mkamwana wangu. Hilo jina nimempa mimi. Ukilala naye chumba kimoja utajua sababu. Ni mara yake ya kwanza kusafiri nasi. Na iwe ya mwisho!

Jioni, mezani, mwanangu katangaza kwamba safari hii mama mkwe wake naye achague tufe la theluji. Nilikuwa natafuna. Nikaacha kutafuna.

Matufe ni idara yangu! Kila safari ya familia tunanunua moja: mpira wa kioo wenye maji, ndani kijumba au mlima, ukiutikisa theluji inaanguka. Alianza marehemu mume wangu. La kwake ndilo la katikati kwenye kabati la sebuleni, na tufe jipya hukaa ubavuni mwake mpaka safari nyingine. Mimi huchagua, mimi hubeba, mimi huweka. Sasa eti kila bibi anunue lake, tukifika nyumbani wajukuu waamue lipi likae kando ya la babu yao.

Tufe la mwanamke mwingine, ubavuni mwa mume wangu! Nife kwanza.

Jumamosi, 8 Agosti

Dukani. Nimechagua tufe kubwa kuliko yote, lenye mnara wa saa, zito kama mtoto wa miezi mitatu. Muuzaji kasema bei haipungui. Imepungua.

Bibi Manukato kachukua kitufe kama kitunguu. Ndani paka wawili wamekaa kwenye benchi. Basi! Wajukuu wote “jamani, jamani!” kana kwamba hawajawahi kuona paka. Mjukuu wangu mkubwa kasema mnara wangu unatisha. Nikamvuta pembeni, nikamkumbusha ni nani humfichia peremende mama yake akimnyima. Nikampa tatu. Kazila, kanishukuru vizuri, halafu kasema bado anapenda paka.

Mtoto huyo kafuata upande wa mama yake. Si wetu.

Ila sina wasiwasi. Akili ninayo. Shule niliishia darasa la tatu kwa sababu nilikwishamaliza ya kujifunza.

Jumapili, 9 Agosti

Kesho tunarudi kwa ndege. Safari zote za nyuma tulikuwa tunakwenda kwa gari, tufe nimelipakata mwenyewe. Bibi Manukato naye kaiga: kalizungushia lake mtandio, kalitia kwenye mkoba wake, eti atalipakata njia nzima. Anajua! Maana nani asiyejua wapakizi wa mizigo wanavyorusha mabegi? Kitu cha kioo kikiingia kwenye begi kubwa kinatoka unga.

Hapo nikapata wazo.

Alipoingia kuoga (huyo akioga unaweza kufua mashuka na yakakauka) nikalitoa tufe lake, nikalisukuma chini kabisa ya begi kubwa la mwanangu. Nikalifunika soksi zake zote. Soksi za kumfumba macho mwanangu, si za kulihurumia tufe! Kwenye mtandio nikaweka kiatu changu cha kushoto, uzito usipungue. La kwangu nimelitia kwenye mkoba wangu.

Mkamwana wangu kaniuliza mbona nimevaa ndara. Nikamwambia mguu umevimba. Kauliza mbona nimevaa zote mbili. Nikamwambia mguu wa pili unamsindikiza mwenzake.

Mwanangu kapita mlangoni akisema jambo kuhusu vitu vya majimaji kwenye mikoba, kwamba haviruhusiwi ndani ya ndege. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo. Sina cha majimaji mimi. Nina tufe, na tufe ni kioo.

Jumatatu, 10 Agosti

Siku ya fedheha!

Mkaguzi wa mikoba, binti mdogo wa kuweza kuwa mjukuu wangu, kalitoa tufe langu mbele za watu. Kasema bibi, maji haya mengi, hayapiti. Nikamwambia si maji, ni theluji. Kasema theluji ni maji. Nikamuuliza amefundishwa na nani kubishana na wakubwa. Mwanangu kajifunika uso kwa tiketi. Nikamwambia binti basi nitalishika juu, lisimguse mtu. Wapi! Mnara wangu ukaishia kwenye pipa, katikati ya chupa za shampuu.

Halafu akafungua mtandio wa Bibi Manukato. Kiatu!

Huyo mama alipiga yowe. Kaibiwa! Mwizi gani anaiba tufe anaacha kiatu? Tena kimoja! Watu wote wakatazama kiatu. Halafu wakatazama ndara zangu. Mimi nikatazama dari. Dari zuri sana lile, limepakwa rangi vizuri.

Njia nzima hakuna aliyenisemesha.

Jumanne, 11 Agosti

Mwanangu kafungua begi kubwa sebuleni, sote tupo. Katoa soksi, soksi, soksi. Katoa tufe la paka. Zima! Halina hata mkwaruzo! Wapakizi wa siku hizi wavivu, hata kurusha hawajui.

Nikajiandaa kusingizia mjukuu mkubwa. Mara Bibi Manukato kanirukia shingoni, analia. Kasema dada yangu, kumbe ulijua! Kumbe ulijua watalitupa, ukalificha mahali salama, ukalizungushia soksi, ukavua na kiatu chako nisiumie moyo mapema! Na la kwako ukakubali lipotee! Mwanangu naye macho yamelowa: kumbe mama huwa unanisikiliza.

Nikasema eh.

Hakukuwa na cha kuamua tena. Bibi Manukato kakataa kuliweka mwenyewe, kasema mahali pale ni pangu, mkono uwe wangu. Nikaliweka ubavuni mwa la marehemu. Nikalitikisa kidogo. Paka mmoja kanona, kajiegemeza kwenye benchi kama marehemu alivyokuwa akijiegemeza.

Paka si wabaya. Lakini wadogo mno.

Alhamisi, 13 Agosti

Sifa tupu nyumba nzima. Bibi Manukato kaniletea chupa ya manukato. Nimeiweka chooni.

Mwanangu kasema mwakani tunakwenda kwa treni, na bibi wote wawili tutachagua tena, maana tunapendana. Nimeulizia kwa watu: kwenye treni hakuna anayekagua maji. Basi mambo ni mepesi. La kwangu nitalipakata. La kwake nitalitia kwenye begi kubwa, chini kabisa.

Mara hii bila soksi.