Babu wa Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo la halmashauri limebandikwa! Soko jipya linafunguliwa, na vibanda vinne vya langoni vitapewa kwanza familia za wakaazi wa zamani. Ushahidi unaotakiwa ni mmoja tu: babu yako awe amezikwa kwenye makaburi ya mji na awe ameandikwa masjala. Mwisho wa maombi ni Ijumaa, na siku hiyohiyo mkaguzi atapita makaburini kujionea. Vitakavyobaki vitapigiwa kura.

Mungu si Athumani. Mimi fundi wa miavuli na viatu, ninayefanyia kazi chini ya ngazi za jengo la watu, niliyepewa notisi niondoke mwisho wa mwezi huu ili mwenye jengo apate pa kuweka jenereta, mimi nina babu! Na babu ana kaburi. Safu ya tatu, namba kumi na saba. Tangu nipate akili, kila mwanzo wa mwaka ukoo mzima tunakwenda kung'oa majani na kulipaka chokaa. Shangazi husimama kando akiamrisha kama nyapara.

Ng'ambo ya barabara yuko Nyundo, fundi bati, anayegonga ndoo na mabomba kutwa nzima mpaka nasahau nilichokuwa nikiwaza. Naye anakitaka kibanda. Masikini, babu yake alikufa baba yake akiwa bado ananyonya, na kwao hakuna ajuaye alizikwa wapi. Nimemwonea huruma. Halafu nimechukua boksi, nikaandika kwa rangi nyekundu BABU YUPO, NAMBA 17, nikalitundika ngazini likamwangalia yeye.

Mke wangu kaniambia nisikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Nimemjibu kwamba babu alishazaliwa, akafa na akazikwa. Kimebaki nini?

Jumanne, 5 Machi

Masjala. Foleni ndefu. Feni moja, nayo inapepea mafaili. Mama wa masjala ana miwani inayoning'inia kifuani na hana haraka na mtu. Nikamtajia safu na namba kwa madaha, kama mtu anayeagiza chai. Akaenda nyuma, akarudi na daftari zito, akauliza jina la babu yangu. Nikalitaja. Akasema siye.

Nikamwomba atazame vizuri. Akavaa miwani, akatazama vizuri. Bado siye. Aliyezikwa namba kumi na saba alikuwa fundi bati, mkaazi wa mtaa wetu, aliyeacha mtoto mmoja mchanga. Akanisomea na jina. Ni babu yake Nyundo!

Na wangu je? Akanieleza kuwa daftari limepangwa kwa namba za makaburi, si kwa majina ya watu. Nilete namba nyingine. Nitaitoa wapi?

Miaka yote hii! Majani, chokaa, mgongo wangu, vyote kwa ajili ya babu wa Nyundo. Nimewahi kuongea naye, jamani. Nilipotaka kuoa nilikwenda kumwarifu, nikaona kama ameridhia.

Mama wa masjala akauliza kama namjua mjukuu wa marehemu, maana tangazo lingemfaa. Nikasema nasikia ukoo ule ulihama zamani. Basi, akasema, atamwagiza mkaguzi akifika kaburini Ijumaa aulizie mtaani.

Nimerudi mbio nikalishusha boksi. Nyundo akavuka barabara kuuliza mbona nimemshusha babu. Nikamwambia rangi haijakauka.

Jumatano, 6 Machi

Siwezi kukaa. Nimeshona soli ya mtu kwenye kiatu cha mtu mwingine. Nimewaza hivi: mkaguzi asipoiona namba kumi na saba, hatakuwa na wa kumuulizia. Nyundo hatapata kitu, vibanda vitabaki, vitapigiwa kura, na kura haina babu. Kitu chenyewe ni kibao cha bati chenye namba, kimegongomewa kwenye jiwe kwa misumari minne. Mimi nina koleo.

Mke wangu alipoona nachukua koleo kwenda makaburini alisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikusikia.

Misumari mitatu ilitoka kwa adabu. Wa nne ulikataa. Nikavuta, kibao kikakunjika kama karatasi, na nilipogeuka nikamkuta mlinzi wa makaburi nyuma yangu. Akauliza kwa nini namwezua babu yangu. Nikasema nakwenda kumng'arishia kibao kwa heshima ya mkaguzi. Akanisifu sana. Kisha akasema kibao ni mali ya halmashauri: kesho jioni kiwe hapa, kimenyooka, la sivyo tutaelewana kituo cha polisi.

Nimejaribu kukinyoosha kwa nyundo yangu ya viatu. Mkunjo ulikuwa mmoja, sasa imefika mitano. Mtaa huu mtu wa kunyoosha bati ni mmoja tu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempelekea Nyundo. Nimemwambia ni kibao cha namba ya mlango wa Shangazi. Amini usiamini, sikuona hatari yoyote. Namba ni namba.

Akaanza kukwangua chokaa. Ikatoka tabaka, chini yake tabaka jingine. Akashangaa mlango gani unapakwa chokaa hivi. Nikasema kwetu ni watu wasafi. Akakigeuza akakwangua na upande wa nyuma, mara mkono ukasimama. Nyuma ya bati palikuwa na jina, limetobolewa kwa ncha ya msumari, nukta kwa nukta, kazi ya fundi hasa. Lilikuwa jina la babu yake.

"Umekitoa wapi?"

Nikaanza tena habari za mlango.

"Fundi. Umekitoa wapi?"

Sijawahi kumsikia Nyundo akiongea taratibu vile. Nikamwambia yote, mpaka boksi, mpaka koleo. Akavua aproni, akachukua kibao, akatoka na kuacha karakana wazi.

Mimi nikaenda kwa Shangazi nikiwa nachemka. Alikuwa anakunja nguo. Hakujifanya hamnazo hata kidogo. Akaniambia nikae, na nishike ncha ya pili ya shuka.

Babu aliaga anakwenda na lori lake kununua spea. Shangazi wakati huo meno yake ya mbele yalikuwa bado hayajaota upya. Lori halikurudi, babu hakurudi. Watoto wa mtaani wakawa wanawauliza yeye na baba yangu, baba yenu yuko wapi, na wao wanarudi nyumbani wanalia. Siku moja Bibi akawashika mikono mpaka makaburini, akatafuta kaburi lisilotembelewa na mtu. Aling'oa kibao, akakigeuza jina likaingia ndani, akaandika namba upya kwa nje. Kisha akawaambia baba yenu huyu hapa, msalimieni. Shangazi ndiye aliyekuwa ameshika misumari.

Nikamuuliza kwa uchungu, alituachaje tupake chokaa kaburi la mtu baki miaka yote hii, naye anajua?

"Babu yako aliondoka," akasema. "Huyu alikaa. Kila nilipokwenda kumtafuta, nilimkuta."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nimelia. Shangazi akaninyang'anya shuka nisiilowanishe.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi amekuja. Nyundo alikuwa ameshafika kaburini, kibao kimenyooka, kimegongomewa upya, jina likiangalia watu. Mkaguzi akasema hajaona kaburi la zamani lililotunzwa hivi. Nyundo akanyoosha kidole kwangu, nilipokuwa nimejificha nyuma ya jiwe la mtu, akasema waliolitunza ni hawa. Kibanda amepewa papo hapo.

Jioni akavuka barabara. Nikajiandaa kutukanwa, maana nilistahili. Akasema ana hasira nami ya kutosha mwaka mzima, na kwamba ataitumia polepole. Lakini baba yake alikufa akiwa na hamu ya kuliona kaburi lile hata mara moja, na muda wote huo kulikuwa na watu wakilipaka chokaa.

"Kibanda ni kipana," akasema. "Nusu chukua wewe."

Nikamwambia anipe muda nifikirie, ila kabla hajafika katikati ya barabara nilishamwita nikakubali. Mke wangu amesema kama nina haya hata kidogo, nitaishi na Nyundo vizuri. Nina haya. Ila kelele zile, ubavuni kwangu, kutwa nzima! Na nusu ni nusu tu.

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda makaburini, koo mbili pamoja. Watoto wa Nyundo wanang'oa majani, wa kwetu wanachota maji, Shangazi anaamrisha wote sawasawa. Nyundo alimwomba radhi kwa kulirudisha jina nje. Shangazi akasema ni vizuri, sasa atajua namna ya kumwita. Wakasimama pale wawili, bega kwa bega. Roho yangu ilitulia kabisa.

Ikatulia kidogo. Nikajikuta natembeatembea safu ya tano. Nawaza. Kumbe babu ni wa kuchagua! Bibi wa watu alichagua kwa haraka, ana watoto wanalia na misumari mkononi, akaangukia fundi bati. Mimi nina nafasi na nina macho. Na nasikia mwakani halmashauri inajenga stendi mpya, na stendi haikosi vibanda vya kona.

Namba arobaini na mbili ana jiwe la marumaru. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri, imeandikwa kabisa. Majani yamemfika kifuani, hakuna mtu anayekuja. Pana picha yake pia, na nikiitazama kwa upande, masikio ni yangu haya haya.

Nimeshamng'olea majani upande mmoja. Nimemsalimia pia. Shangazi anaita kutoka safu ya tatu, anauliza brashi ya chokaa imekwenda wapi.